Pumziko na Uvivu

Msomaji, njoo uketi nami barazani kwa muda mfupi. Ni Jumapili, saa nane za mchana. Jua limepita utosini, upepo wa bahari unaingia polepole katika kichochoro chetu cha Mji wa Kale hapa Mombasa, na majirani wengi wamefunga madirisha yao nusu ili kuzuia mwanga. Mbele yetu wamelala paka wangu wawili. Kijivu amejikunja juu ya mkeka, mviringo kama ngata. Mwenziwe, ambaye kwa umri wake twamwita Mzee, amejinyosha chali juu ya sakafu ya saruji, akitafuta baridi yake, na miguu yake minne haina habari na dunia. Mimi nimeegemea mto. Kitabu kiko mkononi, lakini nimesoma ukurasa mmoja mara tatu. Hakuna nilitendalo, na moyo wangu una raha.

Sasa nakuuliza swali ambalo nimejiuliza mara nyingi mahali hapa hapa. Je, mtu aliyetulia nyumbani namna hii anatenda neno jema, ama anatenda kosa? Usifanye haraka kujibu. Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna heshima ya kazi, haki ya mwili, na deni letu kwa watu tunaoishi nao nyumba moja.

Ukiwauliza wahenga, utaona kwamba hawakusema kwa sauti moja. Kwa upande mmoja walituonya kuwa ajizi ni nyumba ya njaa, na kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa upande wa pili walisema haraka haraka haina baraka, na mwenda pole hajikwai. Mtu mvivu huokota methali za upande wa pili akazifanya mto wa kulalia. Mtu mwenye pupa huokota za upande wa kwanza akazifanya fimbo ya kuwapigia wenzake. Wote wawili huwadhulumu wahenga, maana methali ni kama dawa: kila moja ina ugonjwa wake. Hapana budi kwanza tujue ugonjwa ni upi.

Basi tutenge maneno mawili ambayo watu huyachanganya: pumziko na uvivu. Fikiri juu ya wachukuzi wawili bandarini. Mmoja amebeba gunia kutoka ghalani, akafika nusu ya njia, akalitua, akakaa juu yake apate pumzi. Wa pili alilitazama gunia lake asubuhi, akaona ni zito, akaliacha palepale, akaenda kukaa kivulini. Ukiwapita saa nne utawaona wote wawili wamekaa, na mikono yao haina kitu. Macho yako hayataweza kukuambia tofauti yao. Lakini tofauti ni kubwa kama usiku na mchana: mmoja ametua mzigo wake, na mwingine ameukataa. Pumziko ni kutua mzigo kati ya mwendo na mwendo. Uvivu ni kuukataa mzigo ulio wako. Kwa hiyo kosa la mvivu halimo katika kukaa kwake. Limo katika gunia lililobaki ghalani.

Kama hivyo ndivyo, tumtazame paka, kwa sababu watu wengi humfanya mfano wa uvivu. Ni kweli kwamba paka hulala sana. Kwa kawaida hulala kati ya saa 12 na 16 katika siku moja, na akizeeka huzidi. Lakini mtazame kwa makini. Masikio yake hugeuka hata macho yakiwa yamefumba. Kijipanya kikikwaruza nyuma ya kabati, usingizi huisha mara moja. Saa zake za kazi ni alfajiri na magharibi, wakati ambapo windo lake hutoka, nasi tukimwona amelala adhuhuri twamhukumu kwa saa zisizo zake. Simba wa mbuga zetu hupumzika karibu saa 20 kwa siku, wala sijasikia mtu aliyesimama mbele yake akamwita mvivu. Wanyama hawa huwinda kwa kukurupuka na kwa nguvu nyingi za ghafla. Nguvu hizo hazipatikani bila ya kuwekwa akiba.

Zaidi ya hayo, paka hakupewa nafasi nyumbani kwa hisani tupu. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamechimbua kaburi lenye umri wa miaka 9,500 hivi, na kando ya mtu aliyezikwa humo palikuwa na mifupa ya paka. Urafiki huo ni wa kale sana. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walikuja. Panya walipokuja, paka aliwafuata. Na mkulima akaona faida. Hivyo paka wa nyumba, ambaye methali yasema hafukuzwi, ana mahali pake kwa haki. Amelala, lakini ghala limelindwa.

Mwanadamu naye ana sheria ya mwili wake. Wewe msomaji uliye shuleni, mwenye umri wa kati ya miaka 13 na 18, wahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Huo si upole wa mwalimu mwenye huruma. Ni shauri la madaktari wa elimu ya usingizi. Mtu akilala usingizi mzito, mwili wake hutoa kwa wingi vichocheo vya kukua, na ubongo huyapanga mambo yaliyosomwa mchana ili yakae. Mwanafunzi akeshaye usiku kucha kabla ya mtihani ni sawa na mtu anayejaza maji katika mtungi huku akiupasua. Hadhulumu ila nafsi yake. Ndiyo maana nasema kwamba kupumzika kuna wakati ambapo ni wajibu, na kukataa kupumzika kwaweza kuwa kosa lenye sura ya bidii.

Nitakupa mfano wa mtu mmoja mashuhuri. Katika karne ya 18 aliishi London mwandishi aliyeitwa Samuel Johnson. Yeye mwenyewe alijilaumu maisha yake yote kuwa ni mvivu. Alichelewa kuamka, akaweka nadhiri ya kuamka mapema, akaivunja, akaiweka tena. Hata mfululizo wa insha alizoandika kati ya mwaka 1758 na 1760 aliupa jina la Mvivu. Lakini mtu huyu ndiye aliyetoa mwaka 1755 kamusi kubwa ya Kiingereza yenye maneno zaidi ya 40,000. Basi usiamini upesi kila ajiitaye mvivu, wala kila ajiitaye hodari.

Johnson alikuwa na paka aliyempenda sana, jina lake Hodge, ambaye leo ana sanamu yake katika uwanja ulio mbele ya nyumba ya bwana wake. Paka huyo alilishwa chaza. Rafiki wa Johnson aliyeandika habari za maisha yake asema kwamba Johnson alikwenda mwenyewe kununua chaza hizo. Kwa nini, naye alikuwa na watumishi? Kwa sababu alihofu kwamba watumishi wakipata taabu kwa ajili ya paka, watamchukia mnyama yule maskini. Tafadhali likumbuke jambo hili dogo, msomaji, maana nitalirudia. Mtu aliyependa kulala aliona vibaya anasa yake iwe mzigo wa mtu mwingine.

Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha swali letu. Mwanafalsafa wa Wayunani, Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba watu hufanya kazi ili wapate faragha, kama vile wanavyopigana vita ili wapate amani. Kwake yeye, faragha ilikuwa kilele cha maisha: wakati wa kufikiri, kujifunza na kutazama ukweli. Fundisho hilo ni zuri, nami nalipenda. Lakini mtu huyo huyo aliandika kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai, na mji wake uliendeshwa kwa mikono ya watumwa. Walichota maji wao, wakasaga nafaka wao, wakachimba madini wao, ili wengine wapate nafasi ya kuzungumza juu ya uzuri wa faragha. Je, pumziko la namna hiyo ni pumziko, ama ni mzigo uliohamishwa kutoka bega moja hadi bega jingine?

Sitaki udhani kwamba nasema habari za Wayunani tu, walio mbali nasi kwa miaka na bahari. Nitasema habari zangu mwenyewe, ingawa hazinipi sifa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi nyumbani kwa likizo ya mwezi mmoja. Niliona kwamba nimesoma sana na kwamba dunia yote yanidai pole. Basi nikajifanya sultani wa baraza hii. Niliamka jua likiwa juu, nikanywa chai iliyokwisha kupikwa, nikala mahamri yaliyokwisha kuchomwa, nikalala tena juu ya mkeka pamoja na paka tuliyekuwa naye siku hizo, jike mwenye mabaka. Nilijiona nina falsafa kubwa ya utulivu. Mama yangu aliamka saa kumi za usiku kukanda unga na kukuna nazi, kwa maana mahamri hayo ndiyo yaliyolipa karo yangu. Dada yangu, mdogo kwangu kwa miaka miwili, alichota maji kwa ndoo kutoka penye bomba la mtaa wa pili, kwa sababu mifereji yetu ilikuwa mikavu. Yeye naye alikuwa katika likizo kama mimi.

Wiki ya tatu mama alishikwa na homa. Asubuhi ile niliamka kwa desturi yangu, nikakuta jiko baridi, sinia tupu, na pipa la maji halina kitu. Nikaingia chumbani, nikasimama mlangoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mbona leo maji hakuna?"

Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo, pasipo hasira: "Maji hayana miguu, mwanangu."

Sikupata jibu. Dada yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda akimkanda mama paji la uso kwa kitambaa. Hakuniambia neno, wala hakunitazama. Nilitoka na ndoo mbili. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi waliosimama humo walikuwa wasichana na akina mama. Nilipokuwa nikirudi, mikono inauma na maji yananimwagikia miguuni, nilihesabu: ndoo mbili kila safari, safari nne kila siku, kwa siku ishirini nilizokuwa nimelala. Raha yangu yote ilikuwa imebebwa juu ya kichwa cha dada yangu. Na niliporudi nilimkuta yule paka niliyemfanya mwalimu wangu wa utulivu ameketi mlangoni, na panya ametupwa mbele ya miguu yake. Hata yeye alikuwa amefanya zamu yake.

Tangu siku ile sikuacha kupenda baraza. Ningekuwa mnafiki kama ningesema niliacha, kwa kuwa wewe waniona nimeegemea mto. Lakini nilijifunza kuuliza swali moja kabla ya kuegemea: mzigo wangu uko wapi? Ikiwa nimeutua, nitalala kwa amani. Ikiwa umo mabegani mwa mtu mwingine, basi usingizi wangu ni wizi, hata kama mwenye kuibiwa ni mpole asiyelalamika. Nawe kijana wa kiume, nakuomba ulifikiri neno hili hasa, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi mizani imeinama upande mmoja tangu zamani, na mtoto wa kiume huzoea kuiona inamo hiyo kuwa ndiyo unyofu.

Hata hivyo, tusivuke mpaka upande wa pili. Kuna watu ambao hulitumia neno uvivu kama silaha. Katika nchi hii, wakati wa utawala wa kikoloni, walowezi wengi walimwita Mwafrika mvivu kwa sababu hakutaka kuliacha shamba lake mwenyewe akawalimie wao kwa ujira mdogo. Kodi ya nyumba ilitozwa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanaume walilazimishwa kuchukua kipande, ili watoke makwao kutafuta kazi na wasiweze kuiacha kwa hiari. Aliyelima mahindi yake alfajiri, akapumzika adhuhuri chini ya mti wake, aliitwa mzembe na mtu aliyetaka jasho lake. Basi usikiapo mtu akimwita mwenziwe mvivu, angalia kwanza ni nani asemaye, na anapata faida gani.

Kwa sababu hiyo pumziko likawa jambo la haki, nalo halikupatikana bure. Wafanya kazi wa nchi nyingi waligoma, wakafungwa, na wengine wakafa, wakidai siku ya kazi iwe na kikomo. Mwaka 1919 mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki katika viwanda. Mwaka 1948 Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilisema katika kifungu chake cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata faragha. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, pamoja na mshahara wake. Yule msichana afanyaye kazi katika nyumba ya jirani yako, anayefua, kupika na kulea watoto wa wenyewe, yumo katika sheria hiyo. Kama sisi twasinzia Jumapili naye hajui Jumapili, tusijisifu kuwa ni watu watulivu.

Limebaki jambo moja. Kuna pumziko la uongo ambalo halimdhuru jirani bali mwenye kulitafuta. Mtu hujilaza kitandani na simu mkononi, akatazama habari za watu elfu, akaona wivu huku, akacheka kule, akakasirika kwingine, na saa tatu zikapita. Mwili umelala, lakini moyo umekimbia njia nzima kutoka Mombasa hadi Kisumu. Akiinuka huwa amechoka kuliko alivyolala. Mtazame Kijivu. Anapolala, amelala; anapojinyosha, hana jambo jingine ila kujinyosha; anapotazama mdudu ukutani, dunia yote ni mdudu yule. Sisi tumepewa akili kubwa kuliko yake, lakini sanaa hiyo ametupita. Utulivu wa kweli ni kuwapo mahali ulipo.

Basi, msomaji, nikujibu swali nililokuuliza. Kutulia nyumbani, bila haraka, pamoja na viumbe wapole wanaosinzia, si kosa. Kwa watu waliotua mzigo wao ni malipo halali, na kwa watu waliochoka ni dawa. Ndani ya saa kama hizi mtu husikia sauti ya mawazo yake, hukumbuka wazazi wake, hutambua kosa alilolitenda asubuhi, na pengine hupata neno la kuandika. Lakini uzuri wa saa hizi una sharti lake. Uwe umetenda lililo lako. Pasiwe na mtu anayeinama ili wewe ulale. Na wakati wa kuinuka ukifika, uinuke.

Jua limeanza kushuka, na kivuli cha nyumba ya pili kimegusa ngazi yetu. Mzee amejigeuza ubavu, bado ana dakika zake. Kijivu ameamka, amejinyosha mbele, amejinyosha nyuma, na sasa aelekea ghalani bila ya kuambiwa na mtu. Nami natoka. Dada yangu anakuja kutuona leo pamoja na wanawe, na zamu ya kuchemsha chai ni yangu.